Jinsi ya kuisimamisha aya kuwa shahidi wa nahau: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Kiarabu

Siku moja katika darsa ya baada ya alasiri tulikuwa kwenye mlango wa "maa" ya kukanusha inayofanya kazi ya "laysa" (si). Nilijipa moyo nikasoma aya ya Suratu Yusuf: "maa haadhaa basharan". Maalimu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Shahidi yuko wapi?" Nikairudia aya nzima. Akasema: "Aya nimeisikia, mwanangu. Shahidi yuko wapi, na anamshuhudilia nani?" Nikanyamaza. Aya nimeihifadhi tangu utotoni, kanuni nimeihifadhi wiki ile ile, na bado sikujua ni wapi hasa hivyo viwili vinakutana.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi aliyekwama pale nilipokwama mimi. Nakukadiria kuwa umekwisha kuimaliza Ajurrumiyya, kitabu cha mwanzo cha nahau, unajua marfuu, mansubu na majruru (neno lililo katika hali ya rafaa, nasbu au jarri), na sasa umeingia vitabu vya juu yake, Qatrun-Nadaa au Alfiyya, ambako kila mlango una aya, beti na maneno ya Waarabu. Weka msahafu pembeni. Aya nimeziandika kwa herufi za Kilatini ili zisomeke kwenye simu yoyote, lakini irabu zihakikishe kwenye msahafu wenyewe. Na nikisema "nahau" nakusudia elimu inayofundishwa madrasani, ya miisho ya maneno na mpangilio wake, si misemo ya aina ya "kupiga chuku" ambayo watoto wanaulizwa shuleni.

Kwanza ujue aya ina cheo gani

Wanachuoni wa nahau hawakukaa chini wakabuni kanuni. Walisikiliza, wakakusanya, ndipo wakapima. Walichokisikia wanakiita "samaa", nacho kina mafungu matatu: Qur'ani pamoja na visomo vyake, hadithi za Mtume (s.a.w.), na maneno ya Waarabu fasaha, mashairi kwa nathari. Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), alipopanga misingi ya elimu hii katika al-Iqtiraah aliitanguliza samaa, kisha zikafuata ijmaa (makubaliano), kiasi (kupima neno kwa jingine) na istis-habu (kubaki na asili). Kwa hiyo aya iko kwenye fungu la kwanza la msingi wa kwanza. Al-Farraa wa Kufa, aliyefariki mwaka 207 H (822), alisema wazi kuwa Kitabu ni fasaha zaidi na kina nguvu zaidi katika hoja kuliko shairi.

Utakapofungua Kitabu cha Sibawayhi (aliyefariki takriban mwaka 180 H) utashangaa kukuta mashairi mengi kuliko aya. Mwanachuoni wa nahau al-Jarmi alihesabu beti 1,050, wakati aya ni mia kadhaa. Usidhani wingi ndio cheo. Shairi lilibeba tabia za kila kabila, hata zile za nadra, na mwanachuoni alilihitaji kila alipotaka kuonyesha upeo wa lugha.

Kuna jambo moja kuhusu Sibawayhi ambalo sisi Waswahili tusilipite. Alikuwa Mfursi. Kiarabu hakukinyonya kwa mama yake, alikisoma kwa Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye nasaba yake ni ya Azd wa Oman. Mtu wa namna hiyo hawezi kujibu swali la nahau kwa kusema "sisi kwetu tunasema hivi". Na wewe na mimi hatuwezi. Mzaliwa wa lugha ana sikio, sisi tuna shahidi. Ndiyo maana hatua zinazofuata si pambo la elimu kwa mtu wa kwetu. Ndilo sikio lake.

Hatua ya 1: Tenga shahidi na mfano

Huu ndio mchanganyiko mkubwa kuliko wote madrasani. Mfano unaieleza kanuni ambayo tayari imethibiti. Shahidi ndiye anayeithibitisha. "Dharaba Zaydun 'Amran" ni mfano, na yeyote anaweza kuutunga, kesho ukaweka Juma na Hamisi pahala pa Zayd na Amri. Lakini "basharan" ya Suratu Yusuf hakuna wa kuitunga. Ama ilisikiwa hivyo ama haikusikiwa.

Aya moja inaweza kuwa mfano mlango huu na shahidi mlango ule. "Alhamdu lillaahi" ukiitaja kwenye mubtadaa na khabari (anayeelezwa na maelezo yake) ni mfano tu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukana kuwa mubtadaa ni marfuu. Basi kabla hujaandika "ushahidi wa hili ni kauli Yake Mwenyezi Mungu", jiulize: nikiitoa aya hii, je, kanuni itabaki na shaka? Ikiwa haitabaki, andika "mfano wake".

Hatua ya 2: Weka kidole mahali pa shahidi

Andika aya kwa sura na namba, kisha upige mstari chini ya neno moja, au hata herufi moja. Katika Yusuf 12:31, wanawake wa mjini walipomwona Nabii Yusuf wakasema "maa haadhaa basharan", huyu si binadamu. Maneno ni matatu. Shahidi ni yupi?

"Maa" yenyewe ni herufi, mwisho wake haubadiliki. "Haadhaa" ni mabniy (neno lisilobadilika mwisho), iwe mahali pa rafaa au pa nasbu inabaki "haadhaa" vile vile. Mimi huliita neno la namna hii shahidi bubu: yupo kwenye tukio lakini hawezi kusema aliloliona. Anayesema ni "basharan" peke yake, na katika "basharan" ni ile fat-ha mbili ya mwisho. Hiyo ndiyo inayotwambia kuwa "maa" imeinasibisha khabari kama inavyofanya "laysa".

Zoea kumtafuta shahidi bubu na kumweka kando. Majina yanayoishia alifu maqsura kama Muusaa na Nasaaraa ni bubu. Ismu ishara (majina ya kuonyesha) za umoja na wingi ni bubu, pia viwakilishi na "man". Mwanafunzi akijenga hoja juu ya neno bubu, hoja inaanguka kabla hata mpinzani hajafungua kinywa.

Hatua ya 3: Uliza ni kisomo cha nani

Pwani yetu tumezoea riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, mpaka wengine wetu tunadhani ndiyo pekee. Lakini Morocco na Algeria wanasoma Warsh, Libya wanasoma Qaluni, na Sudan na sehemu za Somalia wanasoma riwaya ya Duri kutoka kwa Abu Amri. Abu Amri bin al-Alaa (aliyefariki mwaka 154 H) alikuwa imamu wa visomo na imamu wa nahau ya Basra kwa pamoja, kama Kisai (189 H) alivyokuwa kwa Kufa. Nahau na visomo vililelewa nyumba moja.

Chukua Twaahaa 20:63. Katika msahafu wetu ni "in haadhaani lasaahiraani", kwa nuni yenye sukuni. Ukifungua msahafu wa Duri utakuta "inna haadhayni", kwa yaa. Wasomaji Nafi', Ibn Amir, Hamza na Kisai wanasoma "inna haadhaani", shadda na alifu pamoja. Ibn Kathir anasoma kama Hafs lakini nuni ya "haadhaanni" anaipa shadda. Aya ni moja, na kila kisomo ni shahidi wa jambo lake:

- "inna haadhayni" inakwenda na kanuni uliyosoma Ajurrumiyya: ismu ya inna ni mansubu, na muthanna (jina la vitu viwili) unanasibishwa kwa yaa.
- "in haadhaani" ni shahidi wa "in" iliyopunguzwa kutoka "inna", ikaachishwa kazi, na ile lamu ya "lasaahiraani" imekuja kuitenga na "in" ya kukanusha.
- "inna haadhaani" ndiyo iliyowakesha watu. Wapo waliosema ni lugha ya Banul-Haarith bin Ka'b, ambao muthanna wao unabaki na alifu katika hali zote. Wapo waliosema "inna" hapa ina maana ya "na'am".

Ukiandika tu "ushahidi ni Twaahaa 63", mwenzako wa Mogadishu atakufungulia msahafu wake na hataliona neno unalolisema. Andika daima: kisomo cha fulani.

Na visomo vya nje ya vile kumi vinavyokubalika? Suyuti anasema kila kilichopokewa kuwa kimesomwa kinafaa kuwa hoja katika Kiarabu, kiwe mutawatiri (cha wapokezi wengi), ahadi (cha wachache) au shaadhi (cha nadra). Hasan al-Basri alipokewa akisoma "alhamdi lillaahi", kwa kasra ya dali. Haisomwi hivyo katika sala, na tusichezee jambo hili. Lakini kwa mwanafunzi wa nahau ni dalili kuwa walikuwapo Waarabu walioifanya irabu ya dali iifuate kasra ya lamu inayokuja baada yake. Mlango wa ibada una masharti yake na mlango wa lugha una yake.

Hatua ya 4: Fanya irabu nzima, halafu useme uso wa shahidi

Irabu hapa ni kueleza kazi ya kila neno na sababu ya mwisho wake. Usirukie kanuni. Pitia aya neno kwa neno kwa sauti, kama unavyofanya mbele ya sheikh. Maa: herufi ya kukanusha, inafanya kazi ya laysa. Haadhaa: ismu ishara, mabniy juu ya sukuni, mahali pa rafaa, ni ismu ya maa. Basharan: khabari ya maa, mansubu, alama ya nasbu yake ni fat-ha iliyo wazi.

Baada ya hapo sema kwa sentensi moja uso wa shahidi, yaani namna aya inavyoithibitisha kanuni: "Basharan imekuja mansubu, na hakuna cha kuinasibisha isipokuwa maa, basi maa katika lugha ya Hijazi inanasibisha khabari." Kile kipande cha "hakuna cha kuinasibisha isipokuwa" ndicho roho ya hoja yote. Wanafunzi wengi wanakiacha.

Sasa tafuta mpaka wa kanuni, kwa sababu shahidi mzuri huonyesha pia pale kazi inapokoma. Aali Imraan 3:144: "wa maa Muhammadun illaa rasuulun". Hapa "rasuulun" ni marfuu. "Maa" ni ile ile, lakini "illaa" imevunja ukanushaji, na kazi ya "maa" ikaondoka. Ukiziweka aya mbili hizi bega kwa bega umepata kanuni na sharti lake bila kufungua sharhe.

Naona uzuri mkubwa katika jambo alilolitaja Sibawayhi hapa. Watu wa kabila la Tamimu, anasema, wanarafaa neno hili, wanasema "basharun", isipokuwa yule anayejua lilivyo katika msahafu. Hebu mfikirie Mtamimi aliyekulia jangwani akisema "maa haadhaa basharun" siku zote kwao, na akisimama kusoma Qur'ani anasema "basharan". Ni kama Mmvita anayekwambia "ndoo" barazani, na akisoma kitabu cha shule anatamka "njoo". Hajakosea pale wala hapa. Na sisi tunapata faida kubwa: tunajua kuwa kisomo kilipokewa, hakikukisiwa.

Hatua ya 5: Mtafute mpinzani kabla hajakutafuta

Wanachuoni wana msemo: panapoingia uwezekano mwingine, hoja huanguka. Kwa hiyo kila ukisimamisha shahidi, mhoji mwenyewe kwanza.

Mfano ulio hai ni An-Nisaa 4:1. Wengi wanasoma "wattaqullaaha lladhii tasaa'aluuna bihii wal-arhaama", kwa fat-ha: mcheni Mwenyezi Mungu, na (mcheni kuvunja) udugu. Hamza bin Habib wa Kufa (156 H) anasoma "wal-arhaami", kwa kasra. Kasra inaonyesha kuwa "al-arhaami" imeunganishwa na kile kiwakilishi "hii" cha "bihii": mnaombana kwa Yeye na kwa udugu. Wanahau wa Basra wakasema haifai. Ukiunganisha jina na kiwakilishi majruru lazima urudie herufi ya jarri, useme "bihii wa bil-arhaami". Inasimuliwa kuwa al-Mubarrad, mmoja wao, alisema lau angesali nyuma ya imamu akasoma hivyo, angechukua viatu vyake akatoka.

Wewe unataka kumtumia Hamza kuwa shahidi wa kufaa. Mpinzani atasema nini? Atasema ile wau ni ya kiapo, ndiyo iliyoijarri "al-arhaami", na hapa hapana kuunganisha kokote. Sasa lipime jibu hilo kwa haki. Je, linakaa na maneno ya aya? Je, hicho kiapo kina jawabu lililo karibu? Wapo wakubwa walioliona linafaa. Mimi naliona liko mbali, kwa kuwa anayesikia aya kwa mara ya kwanza haliwazi, lakini silifichi, na wewe usilifiche.

Ila usiugeuze msemo ule kuwa shoka la kukatia kila mti. Uwezekano wa kuangusha hoja ni ule wenye nguvu inayokaribia, si kila kinachoweza kukisiwa. Ukikubali kila makisio, hatabaki shahidi hata mmoja.

Hatua ya 6: Mpe mwenzake

Shahidi aliyetiliwa shaka huhitaji wa kumuunga mkono. Anza ndani ya Qur'ani yenyewe. Kwa suala la 4:1, soma Al-Hijr 15:20, "wa ja'alnaa lakum fiihaa ma'aayisha wa man lastum lahuu biraaziqiin", uone wengine walivyoiunganisha "man" na "kum". Lakini "man" ni bubu! Inaweza kuunga mkono, haiwezi kusimama peke yake. Kisha nenda kwenye shairi. Sibawayhi amenukuu ubeti unaoishia "fadhhab famaa bika wal-ayyaami min 'ajabi", na "al-ayyaami" hapa imekuja kwa kasra, imefuata kafu ya "bika", wala bi haikurudiwa. Yeye mwenyewe alilihesabu jambo hili kuwa la dharura ya mshairi. Ibn Malik (672 H) hakukubali liishie hapo. Baada ya kulitaja sharti la watu wa Basra katika Alfiyya akasema: "wa laysa 'indii laaziman", kwangu mimi si lazima, kwa kuwa limekuja katika mashairi na nathari sahihi. Ukisikia "nathari sahihi", jua kisomo cha Hamza kimo ndani yake.

Kwa "inna haadhaani", mwenzake ni mshairi wa Banul-Haarith aliyesema "tazawwada minnaa bayna udhnaahu twa'natan", alipata kwetu pigo la mkuki baina ya masikio yake. Kanuni ya kawaida ingetaka "udhnayhi". Alifu imebaki mahali pa jarri. Huyo si bubu hata kidogo.

Shairi nalo lina masharti. Ushairi wa mjini unaofaa kwa hoja unaishia takriban katikati ya karne ya 2 Hijria, na Ibrahim bin Harma ndiye anayehesabiwa wa mwisho wao. Mutanabbi, aliyeuawa mwaka 354 H, ni bahari ya maana, ila ukimleta kuthibitisha irabu, utarudishwa. Mtumie kama mfano.

Hatua ya 7: Ukileta hadithi, leta njia zake zote

Hapa pana ugomvi wa karne nyingi. Ibn Malik alitumia hadithi kwa wingi kama hoja ya nahau. Abu Hayyan wa Andalusia (745 H) akamkosoa vikali: wapokezi waliruhusiana kupokea kwa maana, na wengi wao hawakuzaliwa na Kiarabu. Mfano wao mashuhuri ni yule sahaba aliyeozeshwa kwa mahari ya Qur'ani aliyoihifadhi. Tukio ni moja, na maneno ya Mtume (s.a.w.) yamepokewa "zawwajtukahaa", "mallaktukahaa" na "ankahtukahaa". Lipi lilitamkwa?

Sichukui upande wa kuziacha hadithi. Nachukua njia ya Shatibi wa Granada (790 H), kwamba palipochungwa lafudhi yenyewe, kama katika dua, barua na maneno mafupi ya hekima, hoja inasimama. Taasisi ya lugha ya Kiarabu ya Cairo, iliyoundwa mwaka 1932, nayo ilikuja kupitisha njia ya kati kwa hadithi za vitabu vya mwanzo.

Kwa vitendo, fanya hivi. Katika Al-Anbiyaa 21:3 kuna "wa asarrun-najwalladhiina dhwalamuu". Kitenzi kina wau ya wingi na mtendaji wake ametajwa baadaye. Kwa kawaida Kiarabu husema "asarra" kwa umoja. Je, ile wau ni alama tu ya wingi, kama walivyosema baadhi ya makabila "akaluunil-baraaghiith", viroboto wamenila? Ibn Malik akaleta hadithi ya Bukhari: "yata'aaqabuuna fiikum malaa'ikatun", wanapokezana kwenu malaika. Inaonekana imemaliza kazi: kitenzi cha wingi, kisha mtendaji. Lakini endelea kufungua Bukhari ile ile, kwenye mlango wa kuanza kuumbwa viumbe, utakuta "al-malaa'ikatu yata'aaqabuuna". Malaika wametangulia, wau imekuwa kiwakilishi cha kawaida, na shahidi amepotea mkononi mwako. Tukio hili limenifunza kuliko sura nzima ya kitabu. Lugha ile ya makabila imethibiti kwa mashairi, ila hadithi hii peke yake haiwezi kuibeba. Na aya? Ina nyuso nyingine: "alladhiina" inaweza kuwa badala (neno la kulifafanua lililotangulia) ya ile wau, na juu ya hayo ni neno bubu.

Hatua ya 8: Kanuni na aya zikigongana

Rekebisha kanuni. Sibawayhi mwenyewe amesema kisomo hakipingwi, kwa kuwa ni sunna. Kanuni ilitokana na kusikia, na asiyesikia vyote hawezi kuwafungia waliosikia zaidi.

Mgongano mkubwa kuliko yote uko Al-An'aam 6:137. Ibn Amir wa Sham (118 H) anasoma "zuyyina likathiirin minal-mushrikiina qatlu awlaadahum shurakaa'ihim". "Qatlu" ni mudhafu (jina linaloegemezwa), "shurakaa'ihim" ni mudhafu ilayhi (jina linaloegemewa), na katikati amekaa "awlaadahum", maf'uli (mtendwa). Wanachuoni wa Basra walisema mudhafu na mudhafu ilayhi hawatenganishwi namna hii ila kwa dharura ya shairi. Zamakhshari (538 H) akakikosoa kisomo, akaona kilichomponza msomaji ni kuona yaa katika maandishi ya msahafu wa Sham. Hapo ndipo ninapomwacha, pamoja na heshima yote kwa elimu yake. Ibn Amir alikuwa Mwarabu wa karne ya kwanza, alisoma kwa waliopokea kwa masahaba, na maandishi ya Sham yaliafikiana na alichokipokea. Ibn Malik akakifanya kisomo hiki nguzo ya kuruhusu. Na katika Bukhari yapo maneno ya Mtume (s.a.w.) kuhusu Abu Bakar, "hal antum taarikuu lii swaahibii", ambapo "lii" imeingia kati ya mudhafu na mudhafu ilayhi wake.

Lakini kuthibiti si sawa na kujengea, yaani kupima maneno mengine juu yake. Al-Mujaadala 58:19 inasema "istahwadha 'alayhimush-shaytwaanu". Kwa kipimo cha sarufi ingekuwa "istahaadha", kama tusemavyo "istaqaama". Ibn Jinni (392 H) ameliweka neno hili kwenye fungu la maneno yaliyoenea katika matumizi huku yako nje ya kiasi. Unalisema kama lilivyo, hukosei, na haikupasi kulisahihisha. Ila huwezi kuligeuza daraja ukavuka kwenda kusema "istaqwama". Kila shahidi muulize maswali mawili: limethibiti? Na je, linajengewa?

Hatua ya 9: Weka daftari

Kurasa mbili zinazotazamana kwa kila aya. Kulia andika aya, namba, msomaji, na neno ulilopigia mstari. Chini yake irabu, kisha uso wa shahidi kwa sentensi moja. Kushoto andika mpinzani anasemaje, wenzake wa shahidi ni akina nani, na majibu ya yale maswali mawili. Acha nafasi, kwa sababu utarudi baada ya mwaka ukiwa umesoma zaidi. Kwa irabu na visomo, al-Bahrul-Muhiit ya Abu Hayyan na ad-Durrul-Maswuun ya mwanafunzi wake Samin al-Halabi zinatosha miaka mingi. Ukitaka kujua jambo limekuja mara ngapi katika Qur'ani, Diraasaat ya Muhammad Abdul-Khaliq Udhayma ina majuzuu 11 ya kazi hiyo tu.

Anza daftari lako kwa Al-Maaida 5:69, "innalladhiina aamanuu walladhiina haaduu was-swaabi'uuna wan-naswaaraa". Katika Al-Baqara 2:62 na Al-Hajj 22:17 ni "was-swaabi'iina", kwa yaa. Andika kwanza ni nani hapa wanaosema na ni nani walio bubu. Utaona kuwa kati ya wanne, mmoja tu ndiye anayesema. Sibawayhi aliielekeza kwa kutanguliza na kuchelewesha, na akaiunga mkono kwa ubeti wa Bishr bin Abi Khazim, "wa illaa fa'lamuu annaa wa antum bughaatun". Kisha nenda An-Nisaa 4:162, "wal-muqiimiinas-swalaata" iliyokaa kati ya "al-mu'minuuna" na "al-mu'tuuna", ujiulize nasbu imetoka wapi pale kwenye safu ya marfuu. Jibu lao ni nasbu ya kusifia. Mpinzani wake usimkose: yupo anayesema si nasbu, ni jarri, kwa kuwa katika wingi huu yaa ni alama ya hali zote mbili.